UCHAMBUZI: Kaunti zigawe maarifa pamoja na vifaranga
TANGU 2013, huduma za mifugo nyanjani zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Hata hivyo, mama anayefuga kuku kumi uani amwonapo mmoja akichechemea, aghalabu hukimbilia duka la dawa za mifugo na kujinunulia antibiotiki pasipo ushauri wa mtaalamu.

Uvimbe huo wa wayo mara nyingi husababishwa na bakteria waitwao stafilokokasi, ambao hupenyea kwenye mkwaruzo mdogo tu. Kinga yake si ghali: maranda makavu yanayobadilishwa kila yalowapo, vijiti vya kulalia vilivyolainishwa na visivyo juu mno, uwanja usio na misumari wala vipande vya chupa, na mboga za kijani ili kuku apate vitamini A. Aidha, miguu ikaguliwe kila wiki.

Dawa zikitumiwa kiholela, bakteria huwa sugu, na usugu huo huweza kumfikia binadamu. Mabaki ya dawa nayo huweza kuingia katika mayai.

Hivyo basi, kaunti zinazogawa vifaranga ziwapeleke pia maafisa nyanjani. Kumpa mfugaji kuku bila mafunzo ni kumpa jembe lisilo na mpini.