Kuzimu Si Jehanamu

Wako wazee wetu huku Kericho na Bomet, watu wema wasiokosa ibada, ambao wakiona watoto wameketi mbele ya sinema ya katuni yenye wafu wanaocheza, husema mara moja, "Mzimeni shetani huyo!" Mimi nasema wamekosea, nami nakuomba, msomaji, unisikilize kabla hujanihukumu.

Lugha yetu yenyewe yanishuhudia. Jehanamu ni moto wa adhabu; kuzimu ni makao ya wafu. Wafasiri wa Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 walitumia maneno mawili kwa mambo mawili. Kwa nini basi sisi tuyachanganye?

Tazama Coco, sinema iliyotoka Marekani mwaka 2017. Kijana Miguel aingia nchi ya wafu angali hai, akawakuta jamaa zake, mifupa mitupu iliyovaa kofia, wakigombana na kuimba. Hapana moto wala pembe. Mfu hupotea huko pale tu mtu wa mwisho aliye hai anapomsahau. Mkipsigis hana la kushangaa hapo. Kwa wahenga wetu, wafu, yaani oiik, walikuwa watu wa nyumba. Mtoto alipozaliwa, akina mama walitaja majina ya waliokufa, moja baada ya moja, mpaka apige chafya. Jina lililotajwa wakati ule likawa lake, kwa kuwa mwenyewe ameitika. (Chafya ikikawia, ugoro kidogo ulisaidia.) Yamkini akina mama wale walicheka. Ni nani aliyesema kuwa wamekufuru?

Sinema mbaya ipo, wala sitaitetea. Hercules ya mwaka 1997 imemchukua Hades wa Wayunani, aliyepata kuzimu kwa kura tu alipogawana ulimwengu na ndugu zake Zeus na Poseidon, ikamfanya laghai mwenye nywele za moto. Yachekesha sana, walakini imefanya lile lile wafanyalo wazee wetu, kumgeuza mlinzi wa wafu kuwa Shetani. Mtoto aliyezoezwa hivyo, na sinema upande mmoja na wazee upande wa pili, akiambiwa kuwa amerithi jina la mhenga aliye kuzimu, atadhani mhenga huyo anaungua. Atalionea haya jina lake. Na nyanya yake, angali hai huko Konoin au Belgut, akijua majina yote yaliyotajwa siku ile, hataulizwa neno.