Bomba la Datsun Lirudi Lilivyokuwa

Mwandishi aliyeshauri gazetini kwamba Datsun 240Z ifungwe bomba la moshi lisilo na sailensa, eti "ipumue", amekosea. Gari la aina hiyo lilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, mara ya pili likiendeshwa na Shekhar Mehta. Kabureta zake mbili zilipangwa kwa bomba la awali. Ukilibadilisha bila kuzirekebisha, mchanganyiko wa hewa na petroli huvurugika.

Na kutu ya bomba la awali? Kweli, upepo wa chumvi wa Kilwa hauna huruma, na sisi wa Kikole tunaujua. Basi litengenezwe la chuma kisichoshika kutu, kwa kipenyo kilekile. Lining'inizwe kwanza kwenye raba, likae sawa, ndipo nati zikazwe kuanzia injini. Naitaka tena sauti ile ya silinda sita.