Magari ya kale ya Safari Rally yastahili kutunzwa nyumbani

MAGARI ya kale ya michezo yamegeuka mali ya thamani kubwa ulimwenguni, na baadhi yake yalijipatia sifa hiyo katika matope na vumbi la Afrika Mashariki.

Mnamo 1974, Joginder Singh wa Kenya alitwaa Safari Rally kwa Mitsubishi Lancer, akimwacha katika nafasi ya pili Björn Waldegård wa Uswidi aliyeendesha Porsche 911. Miaka 37 baadaye, Waldegård alirejea na gari la aina hiyo, akiwa na umri wa miaka 68, akashinda East African Safari Classic Rally, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanzishwa 2003. Mkenya Ian Duncan alikuwa ameyashinda mwaka wa 2009 kwa Ford Mustang.

Swali ni je, magari yenyewe yako wapi? Datsun 240Z iliyompa Edgar Herrmann ushindi mwaka wa 1971 imehifadhiwa na Nissan nchini Japan. Wajapani hawana kosa. Walitambua thamani ya kilicho chao.

Safari iliporejea katika Mashindano ya Dunia mwaka wa 2021, baada ya miaka 19, vijana wengi hawakuwa wameyaona mashujaa hao wala magari yao. Serikali na wadhamini wanaogharamia mbio hizi hawana budi kutenga fungu la kuhifadhi yaliyosalia. Mcheza kwao hutunzwa, walinena wahenga. Asipotunzwa kwao, hutunzwa ugenini.