Moshi wa Sigara Nyumbani: Tumlinde Mtoto Mwenye Pumu

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mjadala uliofuata ulihusu kuni na mkaa, na ni mjadala wa kheri. Hata hivyo, umo majumbani mwetu moshi mwingine ambao si kazi ya mkakati huo kuuondoa, nao ni moshi wa sigara.

Tuitazame Tunduma, mji unaopakana na Nakonde ya Zambia. Familia nyingi huishi katika chumba kimoja au viwili vya kupanga. Ufikapo Juni na Julai, baridi ya nyanda za juu, kuanzia Mbozi hadi Ileje, huwafanya watu wafunge madirisha mapema. Mzazi akiwasha sigara humo ndani, mtoto hana pa kukimbilia.

Kwa mtoto mwenye pumu jambo hili si kero tu. Njia zake za hewa tayari zimevimba. Moshi ukizigusa, hubana na kujaa makohozi, pumzi ikapita kwa mluzi. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, na mapafu yake bado yanakua. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa moshi wa sigara za wengine huua zaidi ya watu milioni 1 duniani kila mwaka.

Wako wanaodhani kufungua dirisha au kuvutia chumba cha pili kunatosha. La hasha! Moshi hupita mlangoni, na masalia yake hubaki katika godoro, mapazia na nguo. Jiko la mkaa linaloingizwa chumbani kwa ajili ya kuota moto huongeza madhara, kwani hutoa pia hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua watu wakiwa usingizini.

Sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ilizuia uvutaji katika hospitali, nyumba za ibada na vyombo vya usafiri wa umma, na mwaka 2007 nchi yetu iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku. Lakini askari hawezi kukaa sebuleni mwetu. Huko mlinzi ni mzazi, ambaye Mtume (s.a.w.) alimfananisha na mchungaji atakayeulizwa juu ya alichokichunga. Aidha, aliyekula kitunguu saumu kibichi, chakula cha halali, alitakiwa asiukaribie msikiti ili asiwaudhi wenzake. Ikiwa harufu tu ilizingatiwa hivyo, itakuwaje moshi unaoziba pumzi ya mtoto?

Ugumu uko kwenye heshima. Mke huogopa kumkatalia mumewe, na wenyeji huona haya kumwambia mgeni au babu atoke nje na sigara yake. Tunaona kuwa mwenye kulibeba jambo hili ni mkuu wa nyumba mwenyewe. Yeye akitangaza kuwa hapa ndani havuti mtu, wala yeye mwenyewe, hakuna atakayeonekana mkosefu wa adabu. Kumheshimu mgeni hakumpi ruhusa ya kumdhuru mtoto wa mwenyeji wake.

Kuacha sigara kabisa ndiyo njia bora. Asiyeweza leo, basi leo hii atoke nje, mbali na mlango, na asivute ndani ya gari alimo mtoto. Mtoto naye atumie dawa ya kinga kama alivyoelekezwa na daktari, hata siku asizoumwa. Akishindwa kuzungumza, mbavu zikiingia ndani au midomo ikibadilika kuwa ya bluu, apewe dawa yake ya kuvuta na akimbizwe hospitali bila kusubiri asubuhi.

Mtoto hakuchagua nyumba ya kuzaliwa wala hewa ya kuvuta. Sisi ndio tunaomchagulia.

Wabillahi tawfiq.