Bastola ya Mkwe na Kijana Aliyetoka Jela

Tuseme mwanao ametoka jela huko Texas, nawe ukiwa hapa Nairobi umempigia simu dadake anayeishi Houston ukamwambia, "Mchukue nduguyo, akae kwako hadi apate kazi." Binti anakubali, ila anakutajia jambo ambalo hukulitarajia: mumewe ana bastola, tena ameinunua kihalali. Je, kijana aweza kulala katika nyumba hiyo?

Aweza, lakini si kiholela. Sheria ya Marekani nzima ya 1968 inamkataza mtu aliyepatikana na hatia ya kosa kubwa la jinai, yaani lile ambalo adhabu yake yaweza kuzidi mwaka mmoja gerezani, kuwa na bunduki au hata risasi moja. Haijalishi kama alikaa ndani miaka saba au alipewa kifungo cha nje. Tangu 2022 adhabu ya kuivunja sheria hiyo yaweza kufika miaka 15. Na kama si raia, hatia ya kosa la bunduki yaweza kumfanya arudishwe kwao, kadi ya kijani asiwe nayo tena.

Mkweo yeye hajakatazwa. Wengi hukosea hapo, kwani hudhani kwamba bastola ni ya mwenye risiti, basi yamekwisha. Mahakama za huko hazitazami mkono tu. Mtu huhesabiwa kuwa na silaha iwapo ajua ilipo, na ana uwezo na nia ya kuitawala. Bastola iliyo chini ya kochi analolalia kijana yaweza kuwa kesi. Iliyo katika droo ambamo yeye pia hutoa vijiko vilevile. Polisi huenda wamekuja kwa sababu jirani amelalamikia kelele, wakaikuta.

Dawa yake ni kasha la chuma lenye kufuli, likae chumbani mwa wenye nyumba, na ufunguo au tarakimu zake kijana asizijue kabisa. Risasi ziwekwe humo humo. Watu husahau ile pakiti iliyobaki garini. Mkweo asimwazime shemejiye waende kulenga shabaha Jumamosi, kwani anayempa silaha mtu aliyekatazwa, huku akiijua hali yake, naye hukabiliwa na miaka hiyo hiyo 15. Huko California, tangu 2014, mwenye bunduki anayeishi na mtu wa namna hiyo ni lazima aifungie au awe nayo mwilini.

Wajuaji watamwambia kijana kwamba Texas haina neno. Ni kweli sheria ya jimbo humwacha mtu awe na bunduki nyumbani mwake miaka 5 baada ya kumaliza kifungo na uangalizi. Lakini ile ya 1968 haihesabu miaka mitano wala kumi, na ndiyo itakayomrudisha ndani.

Sasa, ikiwa kijana bado yuko chini ya uangalizi, kasha pekee huenda lisitoshe. Masharti ya kuachiliwa mara nyingi humkataza asiweze hata kuifikia silaha, na ofisa anayemsimamia huja kukagua nyumba. Hapo ni afadhali bastola ihame kabla kijana hajafika, ikawekwe kwa rafiki anayeruhusiwa kuwa nayo. Kijana amwulize ofisa wake mapema, na mkweo aonane na wakili wa hapo hapo.

(Nanyi wanafunzi mnaojiandaa kwenda kwa viza ya masomo, msicheke. Sheria hiyo hiyo huwakataza nanyi bunduki, isipokuwa kwa sababu chache kama vile leseni ya kuwinda.)

Basi ukipiga simu tena leo jioni, kabla ya kuuliza habari za kitanda, uliza tarakimu za kasha zinajulikana na nani.