VITZ YA KUSHUSHA NA MAFLA YA KELELE: NAPINGA... LAKINI SIYO YOTE!

Test zimeisha, UE bado iko mbali, boom ndo kama mnavyojua wenyewe. Kwa hiyo wiki hii pale kwenye vimbweta hakuna mtu aliyekuwa anasoma, kazi ilikuwa moja tu: kubishana magari. Watu hawana hata baiskeli lakini wanajua bei ya rimu za spoti kuliko wanavyojua course outline. Nami nimo, sijifichi.

Ubishi wenyewe ulikuwa huu. Ukipata kazi na ukafanikiwa kuagiza kagari kadogo kutoka Japani, Vitz, IST, Passo, Demio, Fit, yoyote ile, je ulipendezeshe na kuliongezea mbio au uliache kama lilivyoshuka melini? Kuna kundi linasema gari ni chombo cha usafiri, ukiweka spoila wewe ni mtoto. Kuna kundi la pili, hao ni wazee wa kushusha, wanataka gari lilambe lami, mafla iwe kubwa kama ndoo, vioo tinti nyeusi tiii. Kila mmoja anamcheka mwenzake.

Mimi naona makundi yote mawili yanakosea, ila la pili linakosea kwa gharama kubwa zaidi.

Kwanza niwatetee hawa wa pili kidogo. Mtu amejinyima miaka, amelipa ushuru wa forodha 25% na VAT 18% na mengine juu yake, gari limefika, halafu akienda sehemu ya kuegesha pale Mlimani City anakuta IST ishirini zote rangi ya fedha zinafanana kama sare za shule. Anabonyeza rimoti ajue ya kwake ni ipi. Sasa akitaka ya kwake iwe na sura yake kuna dhambi gani? Wenzetu Nairobi wanavyozichora matatu zao mpaka watu wanakuja kupiga picha, nani anasema ni utoto? Kupenda kitu kizuri siyo ujinga. Tusianze kujifanya wazee tukiwa na miaka ishirini na ushee.

Lakini sasa njooni kwenye mbio. Hapa ndo nataka tuelewane vizuri, na nyie wa arts msikimbie, hesabu ni ndogo tu.

Chukua Vitz ya kwanza, ile ya 1999, ambayo Ulaya waliiita Yaris na ikachukua tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya mwaka 2000. Ilitoka na injini za aina tatu: ya cc 997, ya cc 1298 na ya cc 1497 iliyowekwa kwenye ile ya spoti, Vitz RS. Ya kwanza ina nguvu za farasi 70. Ya mwisho inakaribia 110. Hiyo tofauti ya farasi 40 imetengenezwa kiwandani kwa injini kubwa, na hakuna mafla wala stika duniani itakayoifikia. Ukimwekea mafla kubwa huyu wa cc 997, unachopata kwa uhakika ni kelele. Gari linapiga makelele kama linakuja kwa 140 kumbe liko 60 linapitwa na bajaji, hahahaaa!

Kinachonichekesha zaidi ni sababu ya watu kununua hii ndogo. Kwetu gari lisilozidi cc 1000 halilipi ule ushuru wa bidhaa unaohesabiwa kwa ukubwa wa injini, likizidi hapo mpaka 2000 ni 5%, na zaidi ya 2000 ni 10%. Kwa hiyo mtu anachukua ya cc 997 ili kuokoa hela, jambo la busara kabisa. Halafu hela ileile aliyookoa anaipeleka kwa fundi ili gari likimbie kama la cc 1500! Si ungenunua la cc 1500 tangu mwanzo ndugu yangu? Kama unataka mbio, ziamue siku unayochagua gari. Ukishalishusha bandarini umeshaamua.

Wajuaji watanirukia na Starlet ya turbo. Sawa, naiheshimu sana. Ile EP82 GT Turbo na mdogo wake Glanza V iliyotoka 1996, injini cc 1331 tu lakini farasi 135, na gari lenyewe halifiki tani moja. Kwenye turbo mafla ina maana, kwa sababu moshi ndo unaozungusha turbo, ukipata njia pana ya kutoka injini inapumua. Lakini usichukue hadithi ya Starlet ya turbo ukaivisha Passo. Ni kama kusikia fulani kapata A kwa kusoma usiku mmoja na wewe ukajaribu. Yule alikuwa na kitu ndani.

Halafu angalieni Toyota wenyewe walivyofanya walipotaka kagari kadogo kenye hasira. Mwaka 2020, mwaka uleule jina la Vitz lilipoachwa Japani na gari likaitwa Yaris huko nako, walitoa GR Yaris. Injini silinda tatu tu, lita 1.6, turbo, farasi 272. Je walichukua Yaris ya kawaida wakafunga turbo basi? Hapana. Waliibadilisha bodi, wakabadilisha miguu ya nyuma, wakaweka breki kubwa, nguvu ikapelekwa magurudumu yote manne. Nguvu iliongezwa pamoja na uwezo wa kuizuia. Sisi tunaongeza nguvu (au kelele) halafu breki pedi ni zilezile zilizokuja na gari kutoka Yokohama.

Na hapa wa fizikia mnanielewa. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya gari inaongezeka mara NNE. Maana yake ukitoka 40 ukaenda 80, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki siyo mara mbili, ni mara nne hivi. Hiyo ni kabla hujahesabu muda uliopotea unashtuka. Hii huwezi kuibishia kwenye kimbweta.

Sasa suala la kushusha. Huu ubishi kwangu si wa vimbweta tu, na ndo sababu nimeandika leo. Dada yangu mkubwa ni mwalimu wa shule ya msingi huko mkoa wa Njombe. Wameagiza IST ya cc 1298, iko njiani, na baada ya kila kitu wamebakiwa na milioni moja na nusu. Shemeji anataka yote iende kwenye rimu inchi 17 na kushusha. Dada kanipigia, "we si ndo unajifanya unajua magari, sema basi." Wanaijua Njombe watakubaliana nami: asubuhi ukungu, barabara kubwa ina malori ya mbao na viazi, ukiacha lami unaingia udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha ni sabuni. Na humo ndani ya gari watakuwa wapwa zangu wawili wanapelekwa shule. Kwa hiyo mtanisamehe, hapa sina utani.

Kwa mafundi wa chini ya mti kushusha maana yake ni kukata springi. Msumeno, mizunguko miwili chini, gari limekaa. Lakini springi ikipungua mizunguko inakuwa ngumu zaidi, wakati nafasi ya shokapu kucheza imepungua. Kila shimo linaenda moja kwa moja kwenye bodi na kwenye kiuno chako. Baya zaidi, gari likiruka tuta na tairi likaning'inia, springi fupi inaweza kuchomoka kwenye kikombe chake. Fikiria hilo kwenye kona, kwenye mvua. Kama lazima ushushe, kuna seti za springi na shokapu zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, unafunga zote kisha unapiga alaimenti, kwa sababu ukishusha magurudumu yanabadili mkao na tairi zinaliwa upande wa ndani. Ni hela nyingi, najua. Ndo maana nasema kama huna hizo hela acha gari lilivyo.

Rimu nazo. Tairi likiandikwa 185/65R15, ile 65 maana yake ukuta wa mpira ni 65% ya upana wa milimita 185, yaani kama sentimita 12. Ukiweka 205/45R17 ukuta ni sentimita 9 na kidogo. Kimo cha gurudumu zima ni karibu kilekile, sentimita 62, ila mpira umepungua karibu sentimita 3. Hizo sentimita 3 ndo zilizokuwa zinakukinga na mashimo. Gurudumu kubwa kwa kawaida ni zito pia, kwa hiyo kainjini kako kanapata kazi zaidi ya kulizungusha. Yaani umelipa ili gari liwe zito kuondoka! Kwa mtu wa Dar anayepita Sam Nujoma na Bagamoyo Road tu, haya, urembo ni urembo, jirembe. Kwa mtu wa barabara ya udongo, hapana jamani.

Nikamwambia dada aanze na tairi. Magari mengi yanakuja na tairi ambazo kwa macho ni nzima lakini ni za zamani. Angalia ubavuni, kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Ukiona 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019. Mpira unakauka hata kama haujatembea. Na hizi tairi za mitumba zinazong'arishwa kwa rangi nyeusi barabarani, soma hizo namba kabla hujatoa hela, usisome sura ya muuzaji.

Baada ya tairi, breki. Pedi, na maji ya breki yabadilishwe yote. Baada ya breki ndo uje kwenye hiyo mnayoita performance: oili, plagi, kichujio cha hewa. Injini za VVT-i zinatumia oili hiyohiyo kusogeza muda wa vavu kufunguka. Ukimwagia ile namba 40 nzito kwa sababu fundi kasema "inakaa vizuri", unaziba hicho kinachoipa gari nguvu. Soma kitabu cha gari, au kama kimeandikwa Kijapani tafuta mtu, lakini usikisie. IST iliyopata oili yake, plagi mpya na upepo sahihi kwenye tairi itawashangaza wengi wenye mafla za ndoo. Na masega yasiguswe! Mtu anakwambia ukitoa masega gari linakuwa jepesi, kumbe ana mteja wa hayo masega. Wewe unabaki na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi na moshi unanuka, yeye anahesabu noti.

Taa nyeupe kali nazo nitaje haraka. Taa ya gari imetengenezwa kwa aina fulani ya balbu. Ukichomeka zile za kung'aa kwenye kioo ambacho si chake, mwanga unatawanyika, wewe unajiona mjanja na dereva wa lori anayekuja mbele haoni kitu. Kwenye ukungu ndo kabisaaa, unapata ukuta mweupe mbele yako mwenyewe. Na ukibadili rangi ya gari au injini, kadi nayo ibadilishwe, tena mwenye bima kubwa amwambie mtu wa bima kafanya nini kwenye gari. Usisubiri siku ya ajali ndo muanze kujuana.

Shemeji hakufurahi, kwa taarifa yenu. Kasema mimi mwanafunzi wa ualimu nimfundishe nini yeye aliyeanza kuendesha pikapu mimi nikiwa chekechea. Nikamwambia shikamoo shemeji, kuendesha sikufundishi, nakuhesabia tu. Tukavutana simu mbili, salio lake siyo langu. Mwishowe dada akagawa kama anavyogawa ubwabwa: tairi nne mpya za inchi 15, breki zote, huduma ya injini, na kitakachobaki ni cha shemeji, afanye anachotaka ilimradi asiguse springi.

Shemeji kachagua spoila ya nyuma na stika nyembamba nyekundu ubavuni. Nimemsaidia mwenyewe kuchagua rangi. IST nyeupe na mstari mwekundu mtaniambia, inatoka vizuri sana ile.