Mwalimu wa Biashara na wa Kifaransa Tumpokeeje Katavi?

Ndugu wananchi wa Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika, leo nawaomba tuzungumze kuhusu walimu wawili wa sekondari ambao hatuwataji sana: mwalimu wa biashara na mwalimu wa lugha za kigeni.

Mwalimu wa hesabu tunamjua kwa jina, hata anakokaa. Lakini nani kati yetu amewahi kumuuliza mwanawe, "Wiki hii mwalimu wa biashara amewafundisha nini?"

Tangu Januari 2025, mtoto anayeanza kidato cha kwanza katika elimu ya jumla anasoma somo la biashara. Ni somo la lazima katika mtaala mpya, uliotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023. Zamani lilikuwa la wachache waliochukua mchepuo huo. Sasa ni la kila mtoto, na walimu waliolisomea hawapatikani kwa mwaka mmoja. Kifaransa, Kiarabu na Kichina vimebaki masomo ya kuchagua, na mtoto huyachagua pale tu mwalimu alipo.

Kwa hiyo mwalimu wa namna hii akipangiwa kituo huku kwetu, ni neema. Anashuka Mpanda na begi lake, pengine hajawahi kufika magharibi ya nchi. Atakaa, au mwakani ataomba uhamisho? Jibu la swali hilo linatutegemea sana sisi wenyeji.

Tuanzie Karema, maana pale ndipo faida ya somo la Kifaransa inapoonekana waziwazi.

Bandari ya Karema imejengwa ili tufanye biashara na ndugu zetu wa Kongo. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kuna Kalemie, kuna Moba. Mfanyabiashara wetu akivuka na mchele, anazungumza Kiswahili na anaeleweka. Kiswahili cha kule kina ladha yake, lakini mnasikilizana vizuri. Ugumu huanza anapokabidhiwa karatasi. Fomu za forodha, stakabadhi na mikataba ya kule huandikwa kwa Kifaransa. Atamwomba nani amsomee? Na huyo msomaji, je, anamsomea yote yaliyoandikwa? Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na watoto wa Ikola na Karema wamezaliwa mlangoni mwa soko hilo. Kijana mmoja wa kijiji anayesoma Kifaransa vizuri atawaokolea wazazi wake fedha nyingi.

Wala lugha hiyo si ngeni kabisa mwambaoni. Wabelgiji walijenga boma Karema mwaka 1879, na mwaka 1885 mapadri wa White Fathers wakalipokea na kuweka misheni. Wakati ule Kifaransa kilikuja na wageni, kwa shughuli zao. Safari hii tunakitaka kiwe cha watoto wetu, kwa riziki yao.

Tena tuna hazina nyumbani. Katumba na Mishamo wako ndugu zetu waliotoka Burundi mwaka 1972 na baadaye, ambao wengi wao walikabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania kuanzia mwaka 2014. Mzee wangu, kama ulisoma kule kwa Kifaransa na bado unakikumbuka, unaweza kumtembelea mkuu wa shule iliyo jirani nawe? Sarufi mwachie mwalimu. Wewe keti na wanafunzi nusu saa, wasalimie, waulize habari za nyumbani, nao wakujibu. Mwalimu aliye peke yake shuleni hana mtu wa kuzungumza naye mbele ya watoto, na wewe utamjazia pengo hilo.

Sasa biashara. Ndugu zangu wa soko la Buzogwe, mama wa vitenge, baba wa vifaa vya ujenzi, kijana wakala wa pesa: mwalimu akiomba wanafunzi wake watano waje Jumamosi waone unavyopokea mzigo, unavyopanga bei na unavyofunga hesabu jioni, utawakubalia? Hakuna anayetaka siri ya mtaji wako. Waonyeshe daftari, mizani na risiti. Waeleze pia jinsi unavyomkatalia kwa upole mteja anayekopa bila kulipa, maana hilo halimo kitabuni.

Na wewe mkulima wa mpunga au tumbaku, msimu huu mpe mwanao kalamu. Aandike mbegu, mbolea, vibarua, magunia na nauli ya kwenda mashineni. Mazao yakishauzwa, mkae pamoja mjiulize: tumepata au tumekula hasara? Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walituambia. Siku mnunuzi atakapokuja na gunia la lumbesa, mtoto huyo ndiye atakayeuliza mizani iko wapi.

Wafugaji nyuki wa Inyonga nao wampe mwalimu chupa moja ya asali iwe somo. Wanafunzi wakokotoe gharama, wapange bei, waandike lebo kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Hapo walimu wote wawili wamefundisha kwa chupa moja.

Liko pia suala la makazi. Mwenye nyumba wa Makanyagio, Nsemulwa au Kawajense, mwalimu mpya akija kuulizia chumba kabla mshahara wake wa kwanza haujaingia, unaweza kumpokelea kodi ya mwezi mmoja mmoja badala ya miezi sita? Vijijini, je, hatuwezi kumpa kipande cha bustani, tukamwonyesha maji yalipo, tukamkaribisha misibani na harusini kama mwenzetu? Akiwa mwalimu wa kike aliyekuja peke yake, kina mama wa jirani wamjulie hali tangu jioni ya kwanza. Mambo haya tunayajua, tumelelewa nayo.

Nawe mwalimu uliyekuja kwetu, usione haya kuomba. Fika kwenye mkutano wa mtaa, mwombe mwenyekiti dakika tano, useme unachohitaji. Utashangaa ni wangapi watanyoosha mkono.

Wazazi wenzangu, wiki hii mmoja wetu katika kila nyumba apite shuleni, amuulize mkuu wa shule: mwalimu wa biashara na wa lugha anahitaji nini kutoka kwetu? Kisha tufanye lile tunaloliweza, hata likiwa moja.